Jibu: CFIR na NPT kwenye utafiti mmoja
Ndugu, umeuliza kama unaweza kutumia CFIR (mfumo wa kuchunguza mambo yanayosaidia au kukwamisha huduma mpya) na NPT (nadharia ya jinsi kazi mpya inavyogeuka kuwa mazoea ya kila siku) pamoja kwenye tasnifu yako kuhusu orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, maana msimamizi wako anataka uchague moja. Inawezekana, mradi kila moja uipe kazi yake.

CFIR (ya 2009, ikaboreshwa 2022) inakuonyesha mazingira: huduma yenyewe, taasisi, nje ya taasisi, watu na mchakato. Kazi inafanyikaje siku hadi siku, hapo haikusaidii sana. NPT ndiyo inayouliza wahudumu wanaielewaje kazi mpya, nani anaibeba, wanagawanaje na wanaipimaje.

Chukua ile hatua ya kusimama kabla kisu hakijagusa ngozi. Nesi anasoma kwa sauti, daktari anaendelea kuvaa glavu, na bado kila kisanduku kinawekewa alama ya vema. CFIR itakupeleka kwenye uongozi na mazoea ya chumba cha upasuaji. NPT itauliza kama daktari anaiona orodha kuwa kazi yake au ya nesi. Unayahitaji majibu yote mawili.

Kinachoharibu ni kurundika misimbo (lebo za kuchambulia maelezo ya wahojiwa) ya zote mbili juu ya usaili uleule. Mimi ningeanza kuchambua kwa NPT, kisha CFIR inieleze kwa nini hospitali moja imeenda vizuri na nyingine imekwama. RE-AIM (mfumo wa kutathmini huduma imewafikia nani na imeleta matokeo gani) achana nayo, isipokuwa kama unapima pia matokeo kwa takwimu. Sababu ya kuchanganya iandike kwenye sura ya mbinu, kabla msimamizi hajakuuliza tena.