Anti, nianze na jina au nianze na jinsia?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni binti transjenda, yaani nilipozaliwa niliandikwa mvulana, nina miaka 27, naishi kama mwanamke mwaka wa sita sasa na wanaonijua wote wananiita dada. Shida yangu ni makaratasi. Mwezi uliopita nilifaulu intavyuu ya kazi, wakanipigia niende na vyeti, nikaenda, yule afisa akaangalia kitambulisho, akaniangalia mimi, akaangalia tena kitambulisho, akatoka nacho nje kama dakika ishirini hivi, aliporudi akasema watanipigia. Hawajapiga mpaka leo. Nataka kubadili kila kitu ila kila ninayemuuliza ana lake, mara bila opresheni haiwezekani, mara uanze mahakamani, mara utafungwa kwa kughushi. Nianzie wapi Anti, kwenye jina au kwenye jinsia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na hizo dakika ishirini zimeniuma kweli, maana najua hapo ulikuwa umekaa kwenye kiti unajiuliza kitambulisho chako kinaonyeshwa nani huko nje. Pole sana.

Anza na jina. Nakwambia hivyo kwa sababu jina na herufi ya jinsia ni vitu viwili, vina sheria mbili na mara nyingi hata ofisi ni mbili tofauti, na hao wanaokuchanganya wanavichukulia kama kitu kimoja. Mlango wa jina ni wa kila mtu. Wanaopita humo ni walioolewa, waliobadili dini, waliopewa utotoni majina ya kuwaaibisha, walioandikwa vibaya na karani, na hakuna anayewauliza habari za miili yao. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, mtu mzima anaandika hati ya kubadili jina mbele ya wakili, anaapa, inasajiliwa, na sehemu nyingine inatangazwa kwenye gazeti la serikali. Kwingine unaomba kwa msajili au kwa hakimu. Sababu huna haja ya kutunga, ukisema "nimelitumia jina hili miaka sita na ndilo ninalojulikana nalo" umesema kweli na inatosha, ila iwe na ushahidi, kwa hiyo anza leo kukusanya barua, risiti, kadi ya kikundi, chochote chenye jina lako unalolitumia na tarehe juu yake. Kuna nchi chache jina lazima liendane na jinsia iliyosajiliwa, Iceland ilikuwa hivyo mpaka sheria ilipobadilishwa 2019, ukijikuta kwenye nchi ya namna hiyo chagua kwanza jina linalobebwa na wote, lingine utaongeza baadae.

Habari ya kughushi tuiweke sawa maana ndiyo inayowatisha wengi. Kubadili jina kwa hati iliyosajiliwa sio kughushi. Kughushi ni kukwangua cheti, kukihariri kwenye kompyuta, au kujaza fomu ya serikali kwa jina ambalo bado hujalisajili huku ukificha la zamani. Cheti chako usikiguse kwa wino hata kama kinakuchoma moyo. Na madeni, mikopo, kesi, vyote vinakufuata na jina jipya, sheria haikupi ukurasa mpya inakupa jina tu.

Kabla hujaingia ofisi yoyote kaa chini na daftari, andika kila mahali jina lako lilipo. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, namba ya kodi, pensheni, bima, benki, laini ya simu, leseni, vyeti vya shule, hati ya kiwanja kama unacho, na watu waliokuandika kuwa mrithi wao. Alafu chukua nakala mpya ya cheti cha kuzaliwa kilivyo sasa hivi, na hati ya kubadili jina ikitoka tengeneza nakala nyingi zilizogongwa muhuri na wakili, maana kila ofisi itataka kubaki na moja. Hiyo hati ndiyo daraja kati ya yule wa zamani na wewe, ikipotea na huna nakala utahangaika kuthibitisha kwamba diploma ni yako. Jina liandikwe sawasawa kila sehemu, herufi kwa herufi, usiwe na "h" benki halafu huna "h" kwenye pasipoti. Nimeona mtu amekwama miezi kwa herufi moja.

Kuhusu tangazo la gazeti la serikali, hapa uwe makini mwanangu. Linaweka majina yote mawili pamoja na siku hizi magazeti hayo yako mtandaoni, yeyote akitafuta jina lako anaweza kulikuta. Kama una wasiwasi wa usalama muulize wakili kama mahakama inaweza kukuondolea sharti la kutangaza au kufunga faili lisisomwe na kila mtu, jimbo la New York kwa mfano lilifuta kabisa sharti la kutangaza mwaka 2021 kwa sababu hiyo hiyo. Na tangazo likiandikwa kwa Kiingereza omba kusoma rasimu kabla haijaenda kuchapwa. Kiswahili chetu "alikuja" haimuulizi mtu ni mwanaume au mwanamke, lakini Kiingereza kina "he" ya mwanaume na "she" ya mwanamke, na karani anaweza kukuandika mwanaume mara tatu kwenye sentensi moja bila hata kufikiria.

Sasa herufi, hiyo Ke na Me. Hapa ndipo nchi zinapoachana njia. Kuna zinazokubali tamko lako mwenyewe, Argentina ilitangulia 2012, zikafuata Denmark 2014, Malta na Ireland 2015, na Ujerumani tangu Novemba 2024 unatoa taarifa kwa msajili miezi mitatu kabla kisha unaenda kutamka. Kuna zinazotaka daktari, Uingereza kwa sheria ya 2004 wanataka ripoti mbili za kitabibu na ushahidi wa miaka miwili ya kuishi katika jinsia yako, ila opresheni hawataki, na Afrika Kusini wana sheria yao ya 2003 nayo inapitia kwa madaktari. Na kuna zilizofunga mlango kabisa, Hungary walifanya hivyo 2020, Urusi 2023.

Hilo la opresheni unaloambiwa halikuzuka hewani. Sweden ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutunga sheria ya kubadili jinsia kwenye usajili, 1972, na ilimlazimisha mtu kwanza afungwe kizazi, sharti hilo limekuja kuondoka 2013. Fikiria miaka yote hiyo, mtu anaambiwa chagua, herufi kwenye karatasi au uwezo wa kuzaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema sharti kama hilo linavunja haki za mtu, kwenye kesi dhidi ya Ufaransa, na Mahakama ya Juu ya Japani nayo 2023 ikalitupa sharti la kufunga kizazi. Kwa hiyo anayekwambia "bila opresheni haiwezekani" huenda anasema kweli kwa nchi fulani au kwa miaka fulani, muulize ni kifungu gani cha sheria. Asipokijua usimuamini, nenda kasome sheria yenyewe ya usajili wa watu, mara nyingi sio ndefu.

Na pale sheria isipotaja transjenda kabisa usikate tamaa haraka. Botswana sheria ya usajili haikuwataja watu wa aina yako, ila ilikuwa na kifungu kwamba taarifa za mtu zikibadilika kiasi cha kugusa usajili wake anaweza kupewa kitambulisho kipya. Mwanaume mmoja transjenda akaenda mahakamani na kifungu hicho hicho, akashinda 2017, msajili akaamriwa ambadilishie. Sisemi kila mtu akimbilie mahakamani, kesi inakula pesa na inakutoa hadharani, lakini wakili akisema "sheria haisemi kitu" hapo maongezi ndo yanaanza.

Ukishapata jina huku herufi bado, hutakuwa umemaliza ila maisha yatapungua makali. Watu wengi wanasoma jina na picha, herufi hawaioni. Kwa hiyo badili na picha na sahihi siku hiyo hiyo. Na kwa kazi nyingine itakayokuja, usisubiri mpaka kaunta, omba dakika tano na mwenye ajira peke yenu, mwambie vyeti vina jina la zamani na hati hii hapa, umpe nakala. Ukitangulia wewe kusema unamwondolea nafasi ya kutoka nje na kitambulisho chako.

SWALI: Anti habari. Mimi ni mwanaume transjenda, 34, jina limeshabadilika kwenye kitambulisho na pasipoti. Chuo nilichosoma wanasema cheti hutolewa mara moja tu na hawawezi kukigusa. Nifanye nini?

JIBU: Salama kaka yangu. Hiyo ya "mara moja tu" ni utaratibu wao wa ndani, ni wachache wanaoweza kukuonyesha sheria. Andika barua rasmi, ambatisha hati na kitambulisho kipya, omba cheti kipya na urudishe cha zamani, wakikataa omba wakujibu kwa maandishi na wataje kanuni. Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alipeleka baraza la mitihani mahakamani kwa jambo hili hili la cheti cha sekondari, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru cheti kitolewe kwa jina lake na alama ya jinsia iondolewe. Ninachokipenda kwenye kesi ile ni kwamba hakuhitaji kugeuzwa herufi, aliomba herufi itoke, maana hakuna kanuni iliyosema cheti cha mtihani lazima kiwe na jinsia, na kweli alama za hesabu zinahusiana vipi na jinsia ya mtu? Jaribu ombi hilo, mara nyingi ni jepesi kulikubali. Wakikataa yote omba angalau barua ya kuthibitisha kwamba mwenye cheti namba fulani sasa anaitwa hivi.

Na samahani kwa kuingilia, ila kama herufi nayo imegeuka hospitali, kumbuka mifumo mingi huita watu kwenye vipimo kwa kufuata herufi hiyo. Ukiwa umesajiliwa mwanaume na mlango wa kizazi bado unao, hakuna atakayekuita kupima saratani yake, jiwekee tarehe mwenyewe na umwambie daktari unayemuamini.

SWALI: Mimi nakaa kaunta ya benki. Juzi kaja mteja, kitambulisho kina picha ya kijana wa kiume na mbele yangu kasimama mwanamke. Foleni ilikuwa ndefu, nikamuuliza kwa sauti "hii ni yako kweli?" watu wote wakageuka. Akachukua kitambulisho akaondoka. Silali vizuri tangu hapo. Ningefanyaje?

JIBU: Asante kwa kuandika mdogo wangu. Kumhakiki ilikuwa kazi yako na ni haki ya mteja pia pesa zake zilindwe, kosa lilikuwa sauti. Namba ya kitambulisho mara nyingi haibadiliki, alama za vidole hazibadiliki, maswali ya usalama anayajua mwenyewe, hivyo vinatosha kukuambia kama ni yeye na vyote unaweza kuvifanya kwa sauti ya chini au kwenye chumba cha pembeni. Muite kwa jina la ukoo, acha "bwana" na "bibi" mpaka ujue. Akija na hati ya kubadili jina hakikisha jina linabadilika kwenye akaunti, kadi, na zile meseji za simu pia, maana watu wanasahau meseji halafu jina la zamani linaendelea kumfikia kila mwisho wa mwezi.

Na huyu aliyeondoka, muombe meneja ruhusa umpigie kwa namba iliyopo kwenye akaunti. Usitaje jina la kwanza kama amepokea mtu mwingine. Akipokea mwenyewe muombe radhi, mwambie saa ambayo foleni ni fupi, kisha muulize anaitwa nani.