Barua kwa Mwanangu: Gereza la Ngomeni Lilikwenda Wapi

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi na mamako tu wazima, alhamdulillah, na twawaombea nanyi afya huko mliko.

Uliniandikia kwamba siku ile ulipowapeleka watoto Ngomeni, yaani Fort Jesus yetu ya Mombasa, mwongoza watalii aliwasimulia Wareno, mizinga na meli iliyozama, kisha mkatoka. Mlipofika langoni, mjukuu wangu akakuuliza: "Babu alisema hapa palikuwa jela. Mbona hatukuiona?" Ukakosa la kumjibu, na sasa unaniuliza mimi mambo mawili: gereza lenyewe lilikwenda wapi, na kama ni kweli kwamba ami yangu, yule mliyekuwa mkimwita Babu Nahodha, aliwahi kufungwa humo. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu mimi hukatisha maneno, na hili sitaki kulikatisha.

Ni kweli. Alifungwa.

Ilikuwa mwaka 1956, mimi nina miaka 9. Ami alikuwa baharia wa majahazi, na siku moja kwenye Bandari ya Kale aligombana na mwenzake kwa sababu ya malipo ya safari. Alimpiga kasia, akamvunja mkono. Hakukana. Alisimama mbele ya hakimu akasema nimempiga, hasira zilinishinda, akapewa mwaka na nusu. Walijuana tangu utotoni, yeye na yule aliyemvunja mkono, na mpaka anakufa hakuwahi kusema kwamba alionewa. Nakuandikia haya mapema ili usije ukamtafutia udhuru ambao yeye mwenyewe hakuutaka.

Unalijua lile jengo la mahakama ya zamani lililojengwa 1902, lenye maktaba na maonyesho ya picha siku hizi. Kutoka pale mpaka lango la Ngome ni mwendo wa kuvuka barabara tu. Nyanya yako alikuwa amesimama nje na buibui lake, akamwona mwanawe akivushwa. Alisema baadaye kwamba kilichomuumiza ni ule ufupi wa njia. Mtu anatoka mikononi mwako na hupati hata nafasi ya kumsindikiza.

Sisi watoto wa Kibokoni, mtaa wa jirani na Ngome, tulikua tukijua kwamba ndani ya Ngome mna wafungwa, kama tulivyojua kwamba ndani ya kisima mna maji. Hapakuwa na ajabu. Waingereza walipotangaza himaya yao, tarehe 1 Julai 1895, waliigeuza Ngome kuwa gereza la serikali. Vibanda vilivyokuwa vimejaa ndani viliondolewa, vikajengwa vyumba vya wafungwa. Gereza lile lilidumu hadi 1958, miaka 63. Baba yangu alizaliwa akalikuta, nami nikazaliwa nikalikuta. Mtu mkubwa aliposema "fulani yuko Ngomeni" hakuhitaji kueleza zaidi, na mtoto mtukutu alitishwa kwa jina hilohilo.

Tulichokuwa tukikiona ni wafungwa wanaotolewa kazini: kufyeka majani, kufagia, kubeba mawe, askari nyuma yao. Ndivyo nilivyomwona ami. Nilikuwa natoka chuoni na msahafu wangu kifuani, nao wamepangwa kando ya barabara na mafyekeo. Nilimjua kwa mgongo. Nilisimama. Yeye aliniona kabla sijafungua kinywa, akageuka upande wa ukuta akaendelea kufyeka palepale ambapo tayari palikuwa peupe, mpaka nikapita. Nililia njia nzima nikidhani amenikasirikia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, akaniambia: "Nilitaka ukinikumbuka unikumbuke nikiwa chomboni."

Nyumbani hatukulitaja gereza. Wageni wakimuulizia ami, jibu lilikuwa "amesafiri", na kwa kuwa alikuwa baharia, watu wenye adabu waliitikia na kumwombea salama. Nafikiri kila aliyeuliza alijua. Mji wetu ulikuwa mdogo, na ndiyo maana nakwambia hivi: mwongoza watalii yule usimlaumu sana. Sisi wenyewe, wenye watu wetu waliolala mle, ndio tulionyamaza kwanza. Angepata wapi habari ambayo wenyewe tumeificha nyuma ya neno "amesafiri"?

Alipotoka, mapema 1958, alikuwa amekonda na anazungumza polepole. Hakusimulia mengi. Alichokirudia ni kimoja, na ndicho kinachonikaa moyoni mpaka leo. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mguu wake uko baharini kabisa, kwenye mlango wa bandari. Lakini mtu aliye chini, kati ya zile kuta, haoni hata tone la maji. Ami aliishi karibu na bahari kuliko alivyowahi kuishi maishani mwake, asiione. Aliisikia tu. Usiku alijua maji yanajaa au yanakupwa kwa mlio wake kwenye mwamba. Kaskazi ilipoanza alijua kwa harufu, na majahazi ya Arabuni yalipoingia Bandari ya Kale alisikia ngoma za mabaharia, akawa anakisia chombo ni cha nani. Kusi ikaja, vyombo vikaondoka, naye yumo. Alihesabu kifungo chake kwa pepo, si kwa miezi.

Mwaka huohuo gereza likafungwa. Wafungwa wa Mombasa leo utawasikia wakitajwa Shimo la Tewa, kule pwani ya kaskazini, na watoto wa siku hizi hawajui kwamba jela iliwahi kuwa katikati ya mji, mlango wake ukitazamana na nyumba za watu. Tarehe 24 Oktoba 1958 Ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikawekwa chini ya wadhamini walewale waliosimamia mbuga za wanyama. Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa pauni 30,000, na mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, akaanza kuchimba. Makumbusho yakafunguliwa 1960.

Mimi niliingia mara ya kwanza na wenzangu wa shule, bado kazi ya kuchimba inaendelea. Nilikuwa na jambo langu la siri: nilitaka kuona mahali alipolala ami. Nilikuwa nimejichorea akilini mlango wa chuma, dirisha dogo, pengine hata jina lake limekwaruzwa ukutani. Wenzangu waliangalia mizinga, mimi natafuta milango. Nilichokuta ni mashimo yaliyonyooshwa kwa kamba, watu wamechutama na brashi mikononi, na sinia zimejaa vigae vya sahani za Kichina, buluu na nyeupe. Vyumba vya wafungwa vilikuwa vimejengwa juu ya misingi ya watu waliotangulia, basi ili kuifikia misingi ile, vilivyo juu ilibidi viondoke. Gereza lilikwenda huko, mwanangu. Lilibomolewa na kuzolewa ili kilichokuwa chini yake kionekane.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Sisemi walikosea. Usingependa wajukuu zangu wasiijue Ngome iliyoanza kujengwa 1593 kwa ramani ya yule Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, wala kuzingirwa kule kwa Waomani kulikoanza Machi 1696 kukaisha Desemba 1698, watu wakifa mle ndani kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Usingependa wasijue habari za Wamazrui, waliotawala Mvita, yaani Mombasa, kutoka pale mpaka Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alipoichukua Ngome 1837, kisha wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, kule Uajemi, wasirudi. Hayo ni yetu. Lakini miaka 63 si kitu kidogo. Ni zaidi ya nusu ya muda waliokaa Wareno kabla Waomani hawajawatoa. Mtu akiandika historia ya jengo, ya wafungwa huyapitisha kwa sentensi moja: "baadaye ikawa gereza." Sentensi hiyo moja ndimo alimolala ami yangu mwaka na nusu. Hilo linanisikitisha, na sitaki kulificha.

Nikupe na jambo jingine ambalo mjukuu wangu atalipenda, kwa kuwa anapenda maneno. Hili neno gereza halikutoka kwa Waingereza wala kwa Waarabu. Wataalamu wa lugha hulirudisha kwa Wareno: igreja, yaani kanisa. Ndani ya Ngome Wareno walikuwa na kanisa lao, na misingi yake mliipita kwenye uwanja wa kati, labda watoto waliruka juu yake. Wazee wetu wakalichukua neno kama walivyochukua meza, bendera na leso. Kanisa likaisha, jina likabaki na ngome. Kamusi za zamani zinalitaja gereza kwa maana ya boma la askari pia. Ngome zikafanywa mahali pa kufungia watu, hapa kwetu na Lamu vilevile, ambako ngome yao ilikuwa jela mpaka 1984, na neno likaenda nazo. Mahali pa sala pakawa mahali pa kifungo, ndani ya neno lilelile. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikamfikiria ami, ambaye alisali sala zake zote tano mle ndani bila kukosa, na alijifunza Yasini kwa moyo kutoka kwa mzee mmoja mfungwa mwenziwe.

Sasa sikiliza la mwisho, ambalo hata mamako sijamsimulia lote.

Tangu atoke, ami hakupita mbele ya Ngome. Akitaka kwenda Kizingo kupunga upepo alizunguka mbali, hata jua likiwa kali, na sisi tulizoea kuzunguka naye bila kuuliza. Ulipozaliwa wewe, 1979, alikuja kukuona, akakupakata, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Twende Ngomeni." Nilidhani sikusikia vizuri. Tukatoka alasiri ileile. Langoni alisimama akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia peku. Alipopita ule ujia wa langoni akaanza kuhesabu hatua kwa sauti ya chini, macho ameyafumba nusu, mkono mmoja umegusa bega langu. Alifika 64 akasimama. Palikuwa na majani tu na kipande cha msingi wa mawe. Akasema, "Hapa." Akakaa chini. Watalii wawili walitupita wakatutazama wakaendelea na njia yao.

Halafu akaniuliza ngazi za kupandia ukutani ziko wapi. Tukapanda pole pole, upande wa bahari. Maji yalikuwa yanajaa. Kulikuwa na mashua moja ikiingia, tanga limeshiba upepo, na yeye akainua mkono kuisalimia kama aliye chomboni. Alisimama pale mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Njia ya kurudi alipita mbele ya lango, wala hakuzunguka tena maisha yake yote.

Mwambie mjukuu wangu kwamba hakukosea kuuliza, na kwamba babu hakumdanganya. Mkija likizo ya Desemba tutakwenda sote. Zile hatua 64 ni za mtu mrefu, kwa hiyo watoto zao zitazidi, lakini ule msingi wa mawe ninaujua. Tuondoke nyumbani asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, maana goti langu la kushoto haliniruhusu tena kupanda ngazi zile wakati wa joto, nami nataka kufika juu pamoja nao.

Mamako anakusalimu, anasema umletee ile dawa ya macho usisahau.

Wasalaam,
Babako