Mlio wa bati kwenye injini ya IST

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya otomatiki, cc 1300. Nikisimama kwenye foleni gia ikiwa D, unatoka mlio kama sarafu ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta kidogo unapotea, mshale wa RPM (mzunguko wa injini) ukikaribia 2 mlio unarudi. Oili iko sawa, hakuna taa iliyowaka. Nimeambiwa injini imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue injini bado. Beringi za injini zikifa hugonga kwa sauti nzito, na kugonga huko huzidi gari likielemewa, kwa mfano mlimani. Mlio unaokuja na kupotea kwa kufuata mzunguko mara nyingi ni wa kitu chembamba kilicholegea. Kwenye D injini huelemewa, ikatetemeka zaidi, na bati likapata nafasi ya kulia.

Anza na bati la kukinga joto kwenye manifoldi ya ekzosti (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini). Injini ikiwa imepoa kabisa, ligonge kwa ngumi. Likitoa mlio uleule, umempata mchawi. Tumia spana namba 10 au 12, lakini kwanza mulika tochi: ukiona duara linalong'aa kuzunguka bolti, tundu limeliwa na kutu likawa pana, na hapo hata ukaze namna gani bati litaendelea kucheza. Weka washa (kipete cha chuma) pana ya milimita 25 chini ya kichwa cha bolti, na grisi ya shaba kwenye nyuzi. Gundi ya kawaida ya bolti haihimili joto la pale. Bolti ikigoma, ipulizie dawa ya kutu na uiache usiku kucha. Ukiilazimisha itakatikia ndani. Bati lenyewe usilitupe, linalinda nyaya na mipira ya jirani.

Likiwa zima, pandisha gari kwenye stendi (kamwe si jeki peke yake) ugonge masega (katalitiki, kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosti) kwa nyundo ya mpira. Ukisikia kokoto, yamevunjika.

Bado? Toa mkanda wa alteneta, washa injini sekunde 30 tu, kwani mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mlio ukipotea, kagua beringi za alteneta, kompresa ya AC na pampu.

Mlio ukibadilika unapotoka N kwenda D, kagua bolti zinazofunga toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi ya otomatiki) kwenye sahani ya flaiwili. Zikilegea hugonga kama beringi ya injini hasa, ndiyo maana watu huuziwa injini bure. Fundi azifikie kati ya injini na gia boksi, azungushe injini kwa mkono, akaze moja baada ya nyingine.