Maswali ya wasomaji: Mbona Mtakatifu Yosefu haongei hata neno moja?

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Mimi ni mama wa hapa Igoma, jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Yosefu. Juzi baada ya sala tunakunywa chai, kijana mmoja wa fomu siksi akauliza mbona huyu somo wetu kwenye Biblia haongei kabisa, yaani hata "ndiyo" hajasema, halafu anapotea tu hata alikufa lini hatuambiwi. Mwenyekiti akasema hayo ni maswali ya kutafuta ubishi, tuendelee na mchango wa msiba. Mimi limenikaa rohoni maana nimefungua Biblia nikatafuta kweli sijaona. Kama ni mtu mkubwa hivyo mbona kaandikwa kidogo? Au kuna kurasa zilifichwa?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza huyo kijana mwambie kasoma vizuri, hajakosea. Kwenye Injili zote nne Yosefu hana sentensi hata moja. Malaika anaongea, Maria anaongea, Herode anaongea, mpaka mamajusi wageni wanauliza njia, yeye anaota ndoto, anaamka, anafanya alichoambiwa, basi. Ndoto zenyewe ni nne, ziko Mathayo sura ya 1 na ya 2: mchukue Maria mkeo, kimbilia Misri na mtoto, rudini, halafu ile ya kuhusu Arkelao, mwana wa Herode, wakaenda kukaa Galilaya. Marko hamtaji hata jina. Yohana anamtaja mara mbili tu, 1:45 na 6:42, na zote ni watu wengine wanasema Yesu mwana wa Yosefu. Mara ya mwisho kuonekana ni Luka 2, Yesu ana miaka 12, wamempoteza Yerusalemu wanamtafuta siku tatu, na wakimpata anayeuliza "mwanangu mbona umetufanyia hivi" ni mama. Baba yupo lakini hatusikii kasema nini.

Kurasa zilizofichwa hakuna mama, hilo liondoe. Shida ni kwamba sisi tunafungua Injili kama vile tunasoma historia ya maisha ya mtu, kazaliwa wapi, baba yake nani, kasoma wapi, wakati waliokuwa wanaandika hawakuwa na shughuli hiyo. Angalia ilivyokuja. Maandishi ya kwanza kabisa ya Agano Jipya ni barua za Paulo, miaka ya 50 hivi, na Paulo hata Maria hamtaji kwa jina, anasema tu "amezaliwa na mwanamke", Wagalatia 4:4, anapita. Halafu Marko, yeye anaanza Yesu keshakuwa mtu mzima anabatizwa Yordani. Stori za utoto ziko kwa Mathayo na Luka tu, na hapo Yosefu anahitajika kwa kazi maalumu, kumpa mtoto jina na ukoo wa Daudi. Akishampa kazi imeisha, msimulizi anasonga mbele. Na hata kwenye huo ukoo, Mathayo anasema baba yake Yosefu ni Yakobo, Luka anasema ni Eli, watu wamebishana karne na karne, sasa kama jina la babu lenyewe lina maneno utategemea wakuandikie siku aliyokufa?

Jambo lingine ni mashahidi. Matendo 1:21-22 Petro anasema wazi, anayechukua nafasi ya Yuda awe mtu aliyetembea nasi tangu ubatizo wa Yohana. Yaani kinachosimuliwa kinaanzia hapo, na inaonekana Yosefu hapo hayupo tena. Harusi ya Kana mama yupo, baba hatajwi. Msalabani, Yohana 19:26-27, Yesu anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi na yule mwanafunzi anamchukua nyumbani kwake, sasa mume angekuwa hai si pangekuwa na maneno? Haijaandikwa kwamba alikufa ila mimi naona ndiyo hivyo. Na huyo aliyeshinda kura ya kuchukua nafasi ya Yuda, Mathia, mtume kabisa, baada ya mstari ule hatajwi tena Biblia nzima. Bartolomayo ni jina kwenye orodha tu. Kwa hiyo Yosefu hayuko peke yake.

Mimi nimekulia karibu na mwalo. Kulikuwa na fundi mitumbwi anakaa chini ya mwembe, ana patasi butu na nyundo, anagongelea pamba kwenye nyufa za mbao, tok tok tok tangu asubuhi, ukimwamkia anatikisa kichwa tu maana mdomoni kabana misumari. Mtumbwi ukiisha ubavuni anaandikwa tajiri mwenye mali au "Mungu Mwema", jina la fundi halipo hata kwa chaki, na wavuvi wakienda mpaka Ukerewe wakarudi, mwaloni zinasimuliwa habari za upepo na dagaa. Mpaka leo sijui jina lake lingine. Nimemkumbuka kwa sababu neno la Kigiriki tunalotafsiri seremala ni tekton, na maana yake pana kidogo, ni fundi wa kujenga na mbao kwa ujumla, na unajua tunalijuaje? Kwa dharau ya majirani. Wale wa kijijini kwao wanashangaa, "huyu si mwana wa seremala?", Mathayo 13:55. Bila umbea wa Nazareti hata kazi ya somo wenu tusingeijua.

Ukimya kama huu watu hawauachi hivihivi, wanaujaza. Ule mzee mwenye ndevu nyeupe unaomwona kwenye picha, mjane mwenye watoto wake wa zamani, katoka kwenye kitabu cha karne ya 2 kinachoitwa Injili ya Yakobo ambacho hakimo kwenye Biblia, na humohumo ndimo majina ya Yoakimu na Anna wazazi wa Maria yalimotoka. Heshima nazo zimekuja taratibu sana. Papa Pius wa 9 alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote mwaka 1870. Pius wa 12 akaweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, tarehe 1 Mei, ile ile Mei Mosi tunayopumzika. Kuingizwa jina lake kwenye sala ya Ekaristi ni 1962, Yohane wa 23. Kwa hiyo mwenyekiti wenu asiwe na haraka ya kufunga mjadala, Kanisa lenyewe limechukua miaka karibu 1,900.

SWALI: Asalaam aleikum. Mke wangu kaniweka kona, anauliza inakuwaje Abu Lahab, ami yake Mtume aliyempinga, katajwa kwenye Qurani na Bi Khadija mke wa Mtume hayumo? Msomaji, Mabatini.

JIBU: Waaleikum salaam. Bi Khadija (radhi za Allah ziwe juu yake) hatajwi kwa jina kweli, ila mwanamke aliyetajwa kwa jina ni mmoja tu Qurani nzima, Maryam, mara 34, zaidi hata ya anavyotajwa kwenye Agano Jipya, kwa hiyo hata mama wa Musa na mke wa Firauni wamesifiwa bila majina, la Asiya tumelipata kwenye hadithi. Na maswahaba, wale wafuasi wa Mtume wa wakati wake, je? Aliyetajwa ni Zaid peke yake, 33:37, Abubakar na Omar hawamo. Mtume mwenyewe jina la Muhammad limekuja mara 4 tu wakati Musa kapita 130. Ukipima ukubwa kwa kuhesabu majina utapata majibu ya ajabu. Aya ya 93:8, ile ya kukukuta mhitaji akakutajirisha, baadhi ya wafasiri wanaiunganisha na mali ya Bi Khadija, mwonyeshe mkeo hiyo. Na 40:78 inasema wazi kuna mitume waliosimuliwa na wengine hawakusimuliwa. Abu Lahab katajwa kwa kulaaniwa, sidhani kama kuna mtu anaitamani nafasi ile.

SWALI: Kanisa kuu letu Bugando ni la Epifania, sikukuu ya mamajusi kumwona mtoto Yesu, nataka kujua wale mamajusi watatu waliitwa nani.

JIBU: Nani kakwambia watatu? Mathayo 2 haitoi idadi wala majina, watu wamehesabu zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Gaspari, Melkiori na Baltazari ni majina ya karne za baadaye kabisa. Na ngamia, rudia kusoma taratibu, hawamo.