Eneo la wazi limemwagwa mawe usiku: haya ndo tuliyopitia sisi mtaani kwetu

Dada uliyeanzisha uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema uwanja wa wazi hapo mtaani kwenu umemwagwa tripu mbili za mawe na moja ya mchanga usiku wa kuamkia Jumapili, mwenyekiti anasema hajui, mtendaji anasema muulizeni mwenyekiti, majirani wanasema ni mali ya serikali kwahiyo serikali yenyewe inajua. Na mdau mmoja hapo juu kakujibu uachane nayo, eti ukishaona mawe ujue wakubwa wameshakula. Mimi nakuomba usiachane nayo. Mawe ni mwanzo tu, mtu anapima kama mtaa upo macho au umelala, na hapo ulipo bado una muda. Naandika kirefu kwasababu hii kitu tumepambana nayo huku kwetu Dar karibu miaka sita, kipindi kimoja nikiwa mjumbe wa kamati ya mtaa, kuna sehemu tulishinda na kuna sehemu tulishindwa na bado inaniuma.

Kilichotuchelewesha zaidi ya vyote ni kwamba tulidhani eneo ni la mtaa. Sio. Mjini serikali ya mtaa haina ardhi. Eneo la wazi linakuwepo kwasababu limechorwa kwenye mchoro wa mipango miji uliopitishwa, na mwenye dhamana nalo ni halmashauri, yaani manispaa au jiji. Mwenyekiti hawezi kuligawa wala kuliuza, na hata kumruhusu mtu aweke kontena mwezi mmoja hana hayo mamlaka. Kijijini ni tofauti, kule kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji ndo inasimamia ardhi na mkutano mkuu wa kijiji una sauti kubwa, ndo maana watu waliotoka kijijini wakija mjini wanamuona mwenyekiti kama ndo mwenye ardhi. Sasa ile karatasi ya mwenyekiti iliyogongwa muhuri kwamba "eneo amekabidhiwa fulani kwa matumizi" kisheria haina nguvu lakini madhara inayo, maana miaka mitano baadaye mtu anaitoa kwenye bahasha kama ushahidi kwamba yupo pale kihalali. Ukisikia karatasi ya namna hiyo inazunguka iulizie mapema, tena kwa maandishi.

Kwahiyo cha kwanza kabisa tafuta mchoro. Nenda idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, omba nakala ya mchoro wa eneo lenu, lipia, chukua risiti. Sisi tulizungushwa miezi minne, leo mhusika yupo semina, kesho faili lipo kwa bosi, keshokutwa mchoro umechakaa haufotokopiki. Tukabadili staili, tukaacha kwenda kwa mdomo tukaanza kwenda na barua, barua inapita kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata kwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani na kwa afisa mipango miji. Na hapa naomba unisikie vizuri dada yangu: usiondoke kaunta bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri wewe unajua umeipeleka ila ofisi haijui. Tulivyokuwa na mihuri mitatu ya tarehe tofauti mchoro ulipatikana ndani ya wiki moja.

Siku tulipoupata tulienda nao uwanjani jioni, watu kama kumi na mbili hivi, na mzee mmoja aliyekuwa mpima ardhi zamani, kastaafu. Alisimama kona ya kusini, akaangalia mchoro, akaangalia mti, akahesabu hatua, akasema chimbeni hapa. Pale palikuwa ni jalala, mifuko ya nailoni, maganda ya nazi, godoro limeoza. Kijana akapiga jembe, chini kidogo tu likagonga kitu. Tukafukua kwa mikono, kikatokea kitako cha zege chenye chuma katikati, mzee akapangusa udongo kwa kidole namba zikasomeka. Ile ndo bikoni, alama ya mpaka wanayoweka wapima ardhi. Kuna mama mmoja amekaa mtaa ule tangu anaolewa akasema miaka yote namwaga taka hapa kumbe nimeifunika mwenyewe. Tangu siku ile mabishano ya "mpaka uko wapi" yaliisha, na mawe ya bwana mmoja aliyetaka kujenga pale yalionekana wazi yapo ndani ya eneo la watu wote.

Kitu kingine kilichotusaidia sana ni picha za satelaiti. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, kuna sehemu ya kurudisha nyuma miaka unaona picha za zamani za eneo lenu. Yule bwana alikuwa anadai pale palikuwa shamba la marehemu baba yake, tukaprinti picha za miaka tofauti, zote uwanja mweupe, magoli mawili, na kinjia cha miguu kinachokatiza kwenda shule. Aliyekuja na hoja ya shamba hakuirudia tena.

Halafu itisheni mkutano mkuu wa mtaa, agenda iwe hiyo moja. Msikubali iwekwe kwenye mengineyo saa kumi na mbili jioni watu wameshachoka. Muhtasari uandikwe, mahudhurio yawe na majina na saini, uambatanishwe kwenye barua. Afisa akiona saini za wakazi mia na kitu hawezi kusema huyu ni mtu mmoja ana chuki zake. Baada ya hapo manispaa walikuja, wakapiga X nyekundu na kuandika SIMAMISHA UJENZI kwenye msingi uliokuwa umeshaanza kunyanyuka, na baada ya kuvutana sana mawe yakaondolewa. Ilichukua mwaka na miezi mitatu, sikufichi.

Kuna mdau kaleta hoja kwamba bila maandamano hamna kitu, akatoa mfano wa Uhuru Park kule Nairobi. Ni mfano mzuri ila umeruka mwanzo wake. Mwaka 1989 serikali ilitaka kupandisha jengo la ghorofa 60 ndani ya ile bustani, na Profesa Wangari Maathai alianza na barua, kaandikia ofisi moja baada ya nyingine anauliza maswali, wakamtukana mpaka bungeni, akaendelea kuandika mpaka ikawa habari ya dunia, wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Barua zake zilitangulia kelele zote. Ndo maana nakusisitiza na wewe uanze na karatasi.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Yule bwana wa mawe tulimshinda, ila robo ya uwanja tuliipoteza na hatukuporwa na tajiri yeyote, tuliitoa sisi wenyewe kwa kunyoosha mikono mkutanoni. Mtaa haukuwa na ofisi, mwenyekiti alikuwa anafanyia kazi barazani kwake. Ikaja hoja tujenge ofisi ya serikali ya mtaa kwenye kona ya uwanja, ni mali ya wananchi, nani atapinga? Watu wakachangia tofali, na mimi nilichangia. Ofisi ikasimama. Baada ya ofisi ikaja choo cha ofisi, halafu kibanda cha mlinzi, halafu mama lishe wa kuwahudumia wanaosubiri barua, halafu vijana wakaomba sehemu ya kuosha magari angalau wasikae kijiweni bure, halafu gereji. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri na kila mmoja ni mtu wa mtaani tunayemjua, na ukikataa unaonekana una roho mbaya. Wakati tunabishana na yule bwana alisema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: mbona nyie mmejenga? Kwenye mchoro pale hamna ofisi, pameandikwa eneo la wazi. Kwahiyo dada hata kikija kitu kizuri, zahanati, kituo cha polisi, nyumba ya ibada, ofisi yenu, tafuteni kiwanja kingine. Na kama halmashauri yenyewe inataka kubadili matumizi kuna utaratibu wake, linabandikwa tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, lina muda wa watu kupeleka pingamizi kwa maandishi. Lisomeni. Mara nyingi linabandikwa mahali ambapo watu wanapita bila kuangalia.

Na usifikirie eneo la wazi ni la mpira tu. Uwanja wetu upo bondeni, maji yote ya mtaa wa juu yanashukia pale yanatulia yanazama ardhini taratibu. Gereji ilipojaza kifusi upande wake ili magari yasizame, masika iliyofuata maji yakakosa pa kukaa yakageukia nyumba sita za upande wa chini ambazo hazijawahi kuingia maji. Kwenye nyumba moja nilienda kusaidia kutoa vitu, kuna mstari wa tope ukutani sebuleni usawa wa swichi ya taa, wameshapaka rangi mara mbili na bado unarudi. Wale waliochora mchoro miaka hiyo waliona bonde wakaacha bonde, hawakuwa wajinga. Kama eneo lenu limepakana na mto au lipo ufukweni basi unacho pia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinazuia ndani ya mita 60 shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira, kiandike kwenye barua na nakala ipelekwe NEMC, lile baraza la taifa la mazingira.

Baada ya kushinda kuna kazi ya kulitunza na hiyo ndo ngumu, maana uwanja mtupu unaita mawe. Mwaka wa kwanza tulipanda miti Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, mgeni rasmi akaja, miche sitini, picha zikapigwa. Kufika Septemba ilikuwa imebaki minne. Kwa huku pwani Juni masika inaishia, unapanda mche halafu unauachia kiangazi chote na mbuzi. Mwaka uliofuata tulipanda mwezi wa tatu mvua za kwanza tu zilipodondoka, miche ishirini peke yake, miarobaini na mikungu na miembe michache, kila mche ukakabidhiwa nyumba moja iliyo karibu, mwenye nyumba anajulikana na mche wake unajulikana. Kumi na saba ipo mpaka leo, mikungu imeshatanua kivuli na saa tisa mchana utakuta watoto wamekaa chini yake na madaftari. Timu ya vijana inafanya mazoezi kila jioni, kinamama wa vikoba wanakutana pale Jumamosi. Mtu akija na lori la mawe usiku leo kuna watu zaidi ya mia ambao asubuhi watakosa pa kwenda, watapiga kelele wenyewe bila kuambiwa na kamati.

Hili la watu kuona ni lao nimeliona pia Babati, nimekaa kule kikazi miaka mitatu. Kuna msitu wa Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ilikuwa inapima mipaka iufanye hifadhi yake, na wanavijiji waliposikia unachukuliwa wakaanza kuukata haraka haraka, kila mtu anachukua chake kabla haujafungwa. Mwaka 1994 ukaachwa mikononi mwa vijiji vyenyewe, vijiji vinane, kila kijiji kikawa na kipande chake, sheria ndogo zake na walinzi wake, na ukataji ule ukapungua na msitu ukarudi. Watu ni walewale na miti ni ileile. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2002 ikaipa nguvu mipango ya namna hii nchi nzima. Mjini hatuna sheria inayoupa mtaa umiliki kama ule lakini halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo na kuupa mtaa kazi ya kutunza kwa maandishi, sisi tulipata barua ya hivyo na bango lenye namba ya mchoro, na lile bango limefukuza watu wengi kuliko kamati.

Bango na magoli ni hela ya halmashauri, kwahiyo hoja yenu iingie kwenye kamati ya maendeleo ya kata mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai ila bajeti inapikwa miezi mingi kabla, ukienda Mei utaambiwa subiri mwakani. Mahakamani ni njia ya mwisho, na mjue siku hizi ukitaka kuishtaki hata halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, kwahiyo msisubiri mpaka nyumba ifike kwenye lenta ndo mtafute wakili.

Dada, kesho asubuhi kabla hujaenda ofisi yoyote piga picha hayo mawe, tarehe ionekane, halafu chukua jembe na mtu mzima mmoja anayekumbuka mtaa ulivyopimwa mkatafute bikoni kwenye kona, anzieni palipo na taka nyingi. Ukipata namba ziandike hapa hapa kwenye uzi nikuelekeze barua ya kwanza iandikwe vipi, nakala yetu ninayo bado.