Barua kwa mwanangu: makaburi ya Kaole

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenipa furaha kubwa, kwani sikujua kama vijana wa rika lako bado huenda kwenye magofu ya Kaole kwa hiari yao. Umeniuliza mambo mawili: iweje mji uwasahau wafu wake hata majina yasibaki, na je, ni vyema wewe na wenzako mchange fedha mnunue saruji, mkazibe nyufa za makaburi yale?

La kwanza, jibu lake limo baharini. Kaole, kilomita kama tano kusini ya Bagamoyo, palikuwa na bandari. Msikiti wake mkongwe wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 13. Leo ukisimama pale makaburini, mbele yako ni mikoko. Matope yalijaa, mikoko ikaota juu yake, vyombo vikakosa pa kutia nanga. Kufikia mwisho wa karne ya 18 biashara ilikuwa inahamia Bagamoyo, na watu hufuata riziki. Kijiji kikabaki, lakini wenye mali na wajukuu wao wakaenda zao, na kaburi lisilo na mjukuu wa karibu huota majani mwaka wa kwanza tu. Kwa hiyo usiwalaumu wale wazee. Naamini hakuna aliyekaa akaamua kusahau.

Tena kuhama peke yake si lazima kulete usahaulifu. Watu wa Takwa, kisiwani Manda huko Kenya, waliuacha mji wao karne ya 17 wakavuka maji kwenda Shela, kisiwani Lamu. Kaburi la mnara walilolijenga Takwa lina mwaka wa Hijria 1094, yaani 1682 hivi, na vizazi vyao wameendelea kurudi kuomba mvua. Wana safari ya kurudi, ndiyo maana wanakumbuka. Hata Kaole kwenyewe, kaburi linaloitwa la Sharifa bado lina watu wanaokwenda kuomba dua, ilhali majirani zake wamelala bila mgeni.

Kuhusu majina, mengi ya makaburi hayo hayana maandishi yoyote. Fahari ya marehemu ilionyeshwa kwa nguzo ndefu ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa mabakuli ya kaure kutoka China yaliyopachikwa ndani ya lipu. Mabakuli yakishabanduliwa hubaki vishimo vya mviringo. Hivyo vishimo, mwanangu, vitazame vizuri, kwani ni ushahidi. Bakuli likijulikana ni la zama gani, tunajua kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli lenyewe, ingawa laweza kuwa la baadaye sana, maana chombo kizuri huenda kilikaa nyumbani vizazi viwili kabla ya kupelekwa kaburini. Ndiyo maana lile kaburi la Gede, mji mwingine wa kale kule Kenya, lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, limewafaa sana wachimbaji wa mambo ya kale: lina tarehe yake lenyewe, halihitaji kukisiwa.

Hata kaburi bubu lina la kusema. Kwetu Kibla, yaani mwelekeo wa Makka, ipo upande wa kaskazini, basi maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea huko, na kaburi hunyooka mashariki na magharibi. Ukilikuta limepinda mno, usipite tu, uliza.

Sasa la saruji. Nakuomba sana, msifanye. Najua nia yenu ni njema, na nimeona mahali pengi wema wa namna hiyo ukiharibu. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Saruji ni ngumu na haipitishi maji kama chokaa, kwa hiyo unyevu hufungwa ndani, chumvi ya bahari hula jiwe kwa nyuma, na siku saruji inapobanduka huondoka na uso wa kaburi. Ukarabati wake ni wa chokaa, na ufanywe na fundi aliyeizoea. Wala msing'oe mti uliokwisha kupenyeza mizizi ukutani. Mizizi ikitoka, ukuta nao hutoka. Kisheria pia pale si pa mtu kugusa tu, kwa kuwa panalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Nendeni ofisi ya Mambo ya Kale kwanza, mwaombe kazi. Kufyeka majani chini ya usimamizi wao kunatosha kwa kuanzia.

Fedha mlizochanga zitumieni kwa nauli na kinasa sauti. Wazee wa kijiji cha Kaole wanajua ni ukoo gani ulikuwa ukisoma khitma kaburi gani, na hayo hayakuandikwa popote. Waendeeni asubuhi, kabla hawajachoka, na mwanzeni na akina bibi. Wao ndio waliokuwa wakipeleka ubani.

Nisalimie wenzako.

Baba yako