Mzigo wa madaktari bingwa: orodha ya safari iliyopita iwekeni kando

Kazi yangu ni kufungasha dawa na vifaatiba vya timu za madaktari bingwa zinazotoka Dar es Salaam, za kiraia na za jeshi. Karibu kila safari naletewa orodha ya safari iliyopita, nayo ni nakala ya nakala, naambiwa nijaze hivyohivyo. Ninyi mliopewa kazi hii, msikubali.

Anzeni na mgonjwa. Jeshi la Wanamaji la Marekani hupanga hivi: wanaorodhesha majeraha na maradhi wanayotarajia, wanaandika kila jambo atakalofanyiwa mgonjwa, ndipo kila jambo linapewa vifaa vyake. Kisicho na kazi hakipandi gari.

Kisha hesabu. Hospitali ya ngazi ya pili kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa inatakiwa kumudu upasuaji 3 hadi 4 kwa siku, ikiwa na akiba ya siku 60. Hapo unazungumzia hadi wagonjwa 240 mezani. Kaa na mtaalamu wa usingizi, muulize wangapi watapewa nusu kaputi na wangapi sindano ya mgongo, maana hapo ndipo ketamini (ya kulaza mgonjwa), bupivakaini (ya ganzi ya mgongo), mirija ya hewa na oksijeni vinapojulikana. Daktari wa upasuaji atakutajia vyuma vyake tu (wanisamehe). Kinachowahi kuisha anakijua muuguzi wa chumba cha upasuaji.

Timu za mifupa, macho na wanawake zikisafiri pamoja, kila moja itaomba glavu na gozi zake. Vya pamoja vihesabiwe mara moja. Vya fani moja vikae kwenye maboksi ya rangi yake, ili timu ya macho ikihamishwa usiku iondoke bila kufumua mzigo wa wengine.

Suksamethoniamu (ya kulegeza misuli wakati wa usingizi) na oksitosini (ya kuzuia damu baada ya kujifungua) zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kwa joto la Dar, boksi la baridi lipakiwe mwisho, liwe na kipimajoto ndani, na dawa zisigusane na barafu.

Na pigeni simu mnakokwenda. Ukisahau kitu hapa, bodaboda inafika Bohari ya Dawa pale Keko, kule haipo. Ulizeni umeme ukoje, jenereta ina mafuta ya nani, mtungi wa oksijeni una koki gani. Mashine mliyopewa msaada ya volti 110 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma, inaungua mchana kweupe.